Naomba ushauri: nimpeleke mama kijijini Brazil au nimwache mjini?

Binti_Pangani: Wapendwa habari zenu. Naishi Ureno, mume wangu Mbrazili wa São Paulo, mwezi wa saba tunaenda kwao wiki mbili na safari hii namchukua mama yangu kutoka Tanga, ana miaka 67. Shangazi wa mume katupa funguo za nyumba yake ya mapumziko Gonçalves, milimani kusini mwa jimbo la Minas Gerais. Ni nyumba ya kawaida tu, vigae juu bila dari, jiko la kuni, intaneti hakuna. Mimi nilipapenda mpaka nikalia siku ya kuondoka ila mama baridi haijui kabisa, roho inasita. Mnaonaje?

Mzigua_Halisi: Dada mpeleke ila ujue mwezi wa saba kule ni kipupwe chenyewe, usiku baridi inaweza kushuka mpaka karibu na sifuri, asubuhi unakuta majani meupe kwa barafu na nyumba nyingi hazina hita. Nilikaa Minas kikazi najua. Mama alale chumba kinachopakana na jiko, jioni mwasheni kuni za kutosha. Halafu bafuni maji yanachemkia palepale kwenye bomba la juu, kuna swichi imeandikwa inverno, hiyo ndo ya moto. Usiiguse maji yakiwa yanatoka, funga kwanza. Na ukiona bado vuguvugu usifungulie zaidi, punguza maji ndo yanazidi moto.

Nesi_Mstaafu: Mimi kinachonishtua ni chanjo ya homa ya manjano. Minas wanashauri uchanjwe angalau siku 10 kabla ya safari, na akirudi Tanzania akitokea Brazil kadi ataulizwa. Ila kwa aliyevuka 60 na hajawahi kuchanjwa, daktari ampime kwanza, tafadhali usimpeleke tu akadungwe. Akiwa na kadi ya zamani haina shida, siku hizi inatumika maisha yote. Pia akung'ute viatu kabla ya kuvaa, Minas ina nge wa njano wabaya sana.

Mama_Swaumu: Kwa chakula hatapata shida mdogo wangu. Wana unga wa mahindi wa njano unaitwa fubá, wanausonga bila chumvi unakuwa angu, yaani ugali kabisa, na pembeni couve imekatwa nyembamba kama uzi ikakaangwa na kitunguu saumu, hiyo si sukuma wiki? Mimi nilivyoonja mara ya kwanza nilinyamaza kimya nikamkumbuka bibi. Ila kama mama ni Muislamu angalieni sana, maharage wanayapika na mafuta ya nguruwe, bora apike mwenyewe.

Binti_Pangani: Asanteni mno jamani, ndiyo ni Muislamu na hilo la maharage sikuliwaza kabisa. Nimempigia sasa hivi, kesho anaenda kwa daktari. Nilipomwambia habari ya ugali kauliza kitu kimoja tu, nazi zipo?

Mama_Swaumu: Tui la chupa lipo dukani, linaitwa leite de coco. Mnunue São Paulo kabisa kabla hamjapanda mlima.