Mngurumo wa malori ya zamani Tanga

Mkazi wa Ngamiani: Shikamoni wakubwa zangu. Je, yupo anayekumbuka Bedford zilizobeba mkonge kutoka Muheza hadi bandarini Tanga, ambazo mngurumo wake ulifika kabla ya lori lenyewe?

Mzee wa Pangani: Marahaba. Nilikuwa utingo. Gia zake zilimtaka dereva akanyage klachi mara mbili, la sivyo zilisaga meno kwa kelele ya aibu. Nami mlimani niliruka na kigingi cha mbao, nikakisukuma nyuma ya tairi kabla lori halijaanza kurudi nyuma.

Mama wa Chumbageni: Mimi naipenda zaidi Peugeot 404 ya teksi. Gia ilikuwa kwenye usukani, hivyo mbele tulienea watatu, mmoja amepakata kikapu cha samaki.