Soko huria la umeme Ohio: mbona hasara ya makaa tulilipa sisi?

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nina hasira.

Jimbo la Ohio, Marekani, lilifungua soko la umeme mwaka 2001. Tuliambiwa mzalishaji atauza kwa ushindani: faida yake, hasara yake. Gharama ya kusafisha moshi nayo juu yake. Sasa mitambo ya makaa ya mawe imewekewa vichujio vya moshi vya bei mbaya, gesi ya bei chee ikaingia sokoni, wenye makaa wakabanwa. Si wafunge basi? Thubutu!

Julai 2019 bunge la jimbo likapitisha sheria ya HB 6 (House Bill 6). Kuanzia 2020 kila mteja jimboni akabebeshwa tozo ya kufidia mitambo miwili ya mwaka 1955: Kyger Creek wa hapa Ohio na Clifty Creek ulioko Indiana. Indiana, jimbo la watu wengine kabisa! Na kinachoniuma zaidi, tozo hii ilikuwa haikwepeki. Hata ungehamia kwa muuzaji wa umeme wa upepo, ya makaa ilikufuata huko huko.

Huo uhuru wa kujichagulia muuzaji wa umeme tunaosifiwa ndio uliomleta dalali mlangoni kwa shangazi yangu hapa Columbus. Kavaa reflekta, kashika tableti, anaomba kuona bili "ampunguzie". Shangazi Kiingereza chake cha kuokoteza, akasaini. Bei ya ofa ilipoisha, ikaanza kupanda hovyo. Na tozo ya makaa? Ilibaki pale pale, imefichwa kwenye gharama za usambazaji.

Asije mtu kuniambia kikomo cha tozo hiyo kilikuwa dola 1.50 tu kwa mwezi kwa nyumba. Zidisha kwa mamilioni ya nyumba, ongeza maduka na viwanda.

Njama ya kupitisha sheria hiyo ilikuwa na mlungula wa takriban dola milioni 60. Kampuni ya umeme ya FirstEnergy ikakiri, ikalipa dola milioni 230. Aliyekuwa Spika wa bunge la wawakilishi la jimbo, Larry Householder, akahukumiwa miaka 20 jela mwaka 2023. Ruzuku ya mitambo ya nyuklia, nayo ya HB 6 hiyo hiyo, ilifutwa 2021, lakini ya makaa ikaachwa itukamue mpaka sheria ya 2025 ilipoikata.

Waulizeni waliokuwa wakiishi kijiji cha Cheshire, hapa Ohio, palipo Kyger Creek na jirani yake mkubwa, mtambo wa makaa wa Gavin. Mwaka 2001 Gavin walifunga kifaa cha kupunguza oksidi za nitrojeni, yakaanza kushuka mawingu ya samawati yenye asidi ya salfa. Macho yakawawasha watu, midomo ikababuka. Mwaka uliofuata kampuni ya umeme ya AEP, mwenye Gavin wakati huo, ikanunua karibu kijiji kizima kwa dola milioni 20, watu wakahama. Halafu gharama za makaa tuchangie sisi!

Wadau wa Columbus, Dayton na Cincinnati, mwenye bili za tangu 2020 aziweke hapa, afiche jina na namba ya akaunti. Tujumlishe, tuipelekee tume ya huduma za umma ya jimbo hesabu kamili. Nataka wajibu kwa maandishi: hela yetu inarudi lini?