Mjadala: Filamu za Wakaliga, dunia inacheka pamoja nasi au inatucheka?

Anayefungua mjadala, Busia

Ndugu zangu, wiki iliyopita jamaa mmoja mwenye elimu yake aliniambia kwamba filamu zinazotengenezwa Wakaliga, kule upande wa Rubaga jijini Kampala, zinaiaibisha Uganda, kwa sababu mgeni anayeziangalia huzicheka bunduki za vyuma chakavu na damu ya rangi, kisha huondoka akiamini kwamba uwezo wetu unaishia hapo. Sikukubaliana naye, ila jibu lilinikwama kooni, na ndilo ninalolileta hapa lipingwe na wenye hoja.

Kibanda cha video ninachokwenda kimeezekwa mabati, kina mabenchi ya mbao na jenereta linalonguruma nje, na kiingilio ni shilingi 500. Siku tulipowekewa filamu ya Wakaliga, sauti ya VJ, yaani yule msimuliaji na mtania filamu, ilikuwa ikisimulia kwa Kiganda juu ya picha. Sisi Wasamia na Wakenya waliovuka mpaka hatukushika kila neno, kwa hiyo kijana wa boda boda aliyeketi nyuma akawa anatugeuzia kwa Kiswahili, naye hakugeuza tu, alitia na chumvi yake. Alipoona mtu anafukuzwa kwenye njia ya vumbi, alisimama akaapa kwamba anaijua njia ile, kwamba ukipinda kushoto unatokea Nateete, na mhalifu akipinda kulia amekwisha. Akapinda kulia. Kibanda kizima kilipiga kelele. Sijawahi kuona sinema ya Marekani ikimpa mtazamaji wa Busia mamlaka ya namna hiyo.

Nabwana Isaac Godfrey Geoffrey, anayeziongoza filamu hizo, amewahi kueleza kwamba utotoni sinema alizijua kwa masikio kabla ya macho, kaka yake akirudi kutoka kuziangalia na kumsimulia. Mtu wa namna hiyo, aliyekuja kutengeneza zake kwa silaha za kuigiza anazozichomelea Dauda Bisaso, na juu yake akaiweka sauti ya VJ Emmie, hakupotea njia ya kwenda Hollywood, maana hakuwa akienda huko. Alikuwa akitengeneza hadithi ya kusimuliwa. VJ humtania shujaa, humtania adui, hututania na sisi tuliolipa. Watu wa Toronto, walipooneshwa filamu yake ya Crazy World katika tamasha la filamu la mwaka 2019, walipocheka walikuwa wakiitikia mzaha ulioanzwa Kampala.

Mwalimu mstaafu, Arua

Ndugu yangu wa Busia, umeandika kwa mapenzi, na mimi sina ugomvi na raha ya kibandani, kwani nimekaa humo tangu enzi za kanda za video. Lakini kila anayeizungumzia filamu ya Wakaliga ya Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010 huko nje huanza na dola 200 zinazotajwa kuwa bajeti yake, kana kwamba ufukara wetu ndio kipaji chetu. Loukman Ali, mwongozaji mwingine wa Uganda, alipotengeneza The Girl in the Yellow Jumper, kazi iliyopigwa kwa utulivu na mwanga uliopangwa, ikawa filamu ya kwanza ya Uganda kuingia Netflix, ni wangapi kibandani kwenu walioiulizia? Mtazamaji aliyezoea kusimuliwa huchoshwa na ukimya.

Isitoshe, VJ unayemsifu hula zaidi kwa filamu za kigeni anazozifasiri bila kumlipa mwenyewe, ilhali sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006 tunayo. Mtayarishaji wa nyumbani aliyelipa waigizaji, hata kama ni kwa chapati na chai, anashindana na sinema ya mamilioni ya dola iliyopatikana bure, kwa kiingilio kile kile. Na linaloniuma zaidi ni kwamba nakala ya Captain Alex isiyo na sauti ya VJ haipo tena, kwa kuwa Nabwana aliifuta kwenye kompyuta ili apate nafasi ya kazi iliyofuata. Hiyo nayo ni njia ya kusimulia, au ni dhiki?

Mama mwenye kibanda, Jinja

Mwalimu, na wewe kaka wa Busia, mnabishana juu ya mgeni ambaye hanilipi kiingilio. Nikiweka filamu ya nyumbani isiyo na VJ, watu huanza kutoka kabla ya nusu. Yenye VJ, hata wa dirishani huchungulia hadi mwisho. Nionesheni yule anayelipa umeme kwa ukimya.

Anayefungua mjadala, Busia

Mwalimu wangu, la hakimiliki sina utetezi, na la nakala iliyofutwa ni dhiki, sitaliita jina jingine. Hata hivyo kilichosalia mikononi mwetu ndicho chenye sauti ya VJ, na kama Wakaliga wameweza kumweka VJ ndani ya kazi yao, sioni kwa nini mtayarishaji mwingine asimwajiri na kumlipa, badala ya kumwachia ale kwa jasho la Marekani.

Kuhusu ukimya, filamu ya Loukman Ali niliiangalia kwenye simu ya mpwa wangu, tumebanana mbele ya kioo kidogo. Nayo, ukiitazama vyema, ni ya mtu aliyerudi na hadithi ya kusimulia. Ilipofika mahali pa kimya, mpwa wangu akaanza kunong'ona yale aliyodhani yule bwana anayafikiri, nami nikamwambia anyamaze tuangalie. Akanyamaza. Baada ya dakika kumi hivi nilimgusa bega nikamuuliza: sasa huyu anawaza nini?