Kinanda kidogo cha kuanzia kinatosha, au mtoto anunuliwe kile kirefu? Tujadili

Mleta mada, Mwanga Kigoma
Wakuu poleni na majukumu. Hili nyumbani limetugawa vibaya nikaona nilimwage hapa, maana najua siko peke yangu, tangu watoto waanze kujifunza kinanda kwa video za simu kila familia ina kesi kama hii. Nina mpwa wangu yuko kidato cha pili nakaa naye, mwaka wa pili sasa anapiga kile kinanda kidogo cha Yamaha PSR-E273, kii (vibonyezo) 61, maandishi yote ya juu yameshafutika kwa kushikwa. Mama yake mwaka huu mawese yamemlipa, katenga milioni moja na nusu anasema mtoto anunuliwe piano ndefu ya kii 88. Baba mkubwa kawaka, anasema hiyo ni anasa, pesa hiyo ni mabati, kinanda si kipo na kinalia?

Mimi niko katikati. Ninachokiona ni kwamba binti akifika kwenye kipande kinachotaka sauti inong'one halafu ipande taratibu, anabonyeza kama anatwanga kisamvu na sauti inatoka ileile. Siku moja kaniuliza mjomba hiki kimekufa? Hakijafa, ndivyo kilivyotengenezwa. Sasa swali: mtu wa kawaida wa mkoani anayejifunzia sebuleni ana haja kweli ya kupanda ngazi, au tunafuata mkumbo tu?

Fundi redio, Ujiji
Mkuu umeshajijibu mwenyewe hapo kwenye kisamvu. E273 haina tachi, uguse kama unyoya au upige ngumi ni sauti moja. Kwa hiyo habari ya 88 hamjaifikia bado, hata E373 ambayo nayo ni kii 61 tayari ina tachi. Watu wanachanganya vitu vitatu: urefu wa kinanda, uzito wa kii na tachi. Unaweza kuwa na kirefu chepesi kisicho na maana yoyote. Kile kizito ndani kina nyundo ndogo zinazoiga piano ya kweli, upande wa besi kii zinakuwa nzito, kadiri unavyopanda juu zinakuwa nyepesi. Hicho ndicho kinacholipiwa, urefu unakuja nao tu.

Halafu umeme, hili wanaoshauri kutoka Dar hawalijui. Vile vidogo vinaingia betri sita za AA, umeme ukikata unaendelea. Yamaha P-45 ambayo kila mtu anaitaja haina pa kuweka betri. Casio CDP-S100 ni kii 88 nzito na inaingia betri sita zilezile. Na msije mkachomeka kwenye betri ya sola eti kwa sababu adapta imeandikwa volti 12, jua likiwa kali ile betri inapanda mpaka 14 na kitu, nimeshaletewa maiti mbili mezani kwangu kwa mtindo huo.

Mama wa watatu, Gungu
Sisi tulinunua kikubwa moja kwa moja ili tusinunue mara mbili. Mtoto akapiga miezi mitatu akahamia mpira. Sasa hivi kimevaa kitambaa cha kufuma na juu yake tumepanga picha za harusi, wageni wanadhani ni kabati. Kwa hiyo baba mkubwa simlaumu, ila wewe mtoto wako kapiga miaka miwili hajachoka, hapo siwezi kukupinga.

Mwalimu wa kwaya, Tabora
Mwangaluka wote. Naombeni nitofautiane na fundi kidogo kwa heshima. Mnazungumza kana kwamba kupiga kinanda ni jambo moja. Kwetu huku mtoto anayejifunza kinanda, asilimia kubwa anaelekea kwenye benchi la kwaya, na pale kanisani tunapiga kwa mtindo wa ogani, sauti nne, vidole vinashikilia, huachii mpaka noti inayofuata ishike. Ogani haijawahi kuwa na tachi! Ukiminya kwa hasira au kwa upole bomba linalia vilevile, na ogani nyingi ubao wake ni kii 61 au pungufu. Kwa hiyo anayepigia ibada kile kidogo si cha wanagenzi, ndicho chombo chenyewe.

Na mkihamia kwenye sebene ndio kabisa. Ile P-45 ina sauti kumi tu, haina ridhimu (midundo ya kujipiga yenyewe) hata moja, haina kioo, ina kitufe kimoja cha kuwashia na kingine kimoja cha kila kitu. Ukitaka kutransipozi, yaani kupandisha au kushusha wimbo mzima, unashikilia hicho kitufe huku unabonyeza kii fulani ambayo haijaandikwa chochote juu yake. Sasa wapiga vinanda wetu tunajuana jamani, robo tatu tunajua ufunguo wa C, mengine ni transipozi, soprano wakianza kulalamika kwamba wimbo uko juu unabonyeza mara mbili kimyakimya unaendelea. Mpe huyo piano ya milioni na nusu Jumapili saa moja asubuhi uone.

Jambo la mwisho. Piano aliyokuwa nayo Mozart, yule mtunzi wa zamani, kule Vienna ilikuwa na kii 61. Zile konseto zake (tungo za piano na okestra) za Vienna zimeandikwa kwa ubao wa urefu huo. Tusiwavunje watoto moyo kwamba 61 ni kichezeo.

Kijana wa Kasulu
Mwalimu shikamoo, lakini hiyo ya Mozart umetupiga chenga. Kii zake 61 zilianzia F chini ya pale inapoanzia keyboard zetu, sisi ya kwanza ni C, kwa hiyo kule chini tunapungukiwa hatua saba, yaani kii saba nyeupe na nyeusi, za juu tulizozidishiwa Mozart hakuwa na kazi nazo. Chukua sonata yake yoyote ya mkono wa kushoto wenye besi nzito uone kama hutagonga ubao mtupu pembeni. Nimegonga sana. Na piano yake ilikuwa nyepesi kweli lakini tachi ilikuwepo, piano ilipata jina lake kwa sababu hiyohiyo ya kulia kwa upole na kwa nguvu, tangu yule Cristofori wa Italia alipoibuni karibu na mwaka 1700.

Mimi nimejifunza miaka mitatu kwenye kinanda chepesi nikajiona mkali. Nimefika chuo nimekalishwa kwenye piano ya mbao mbele ya watu, vidole viwili vya mwisho vikagoma, noti moja inatoka nyingine haitoki kama redio yenye betri kuukuu. Mwalimu hakusema neno, akafunga tu dirisha ili wa nje wasisikie. Nilirudia kuanzia mwanzo kabisa. Kwa hiyo mleta mada, kabla ya kuuliza kinanda gani, muulize binti anataka kupiga NINI.

Mleta mada, Mwanga Kigoma
Nimemuuliza. Kajibu vyote viwili, jibu la watoto hilo. Jumapili anapigia kwaya ya kigango, nyumbani anapiga hivi vipande vya piano anavyovitoa kwenye simu na kuvinakili kwenye daftari la hesabu. Nikimsikiliza kwa wiki naona nyumbani ni piano karibu muda wote, kwaya anarudia Ijumaa jioni tu.

Sasa kuna jambo lingine limezuka. Mwenyekiti wa kwaya kasikia habari za milioni na nusu (sijui nani kamwambia, nahisi ni mama mwenyewe), kaja nyumbani na maneno matamu, oh mkinunua kile kirefu tutakuwa tunakiazima kwenye sikukuu na harusi.

Mama wa watatu, Gungu
Usithubutu. Chombo cha nyumbani kikishaonja harusi hakirudi kama kilivyoondoka. Kitarudi na soda ndani.

Fundi redio, Ujiji
Naunga mkono dada. P-45 ni kilo 11 na nusu bila stendi, urefu mita moja na sentimita kama thelathini, boda anaipitisha mgongoni kama ubao wa mtumbwi. Kila kukicha nafungua vinanda vina mchanga ndani, nahisi wanavipeleka kupiga ufukweni.

Msomaji tu, Katubuka
Kwani wakinunua piano ya mbao ya zamani, zile zilizobaki kwenye nyumba za misheni, si ndio ya kweli kabisa kuliko hizi za umeme?

Kijana wa Kasulu
Ndugu yangu ile ina nyuzi zaidi ya mia mbili, mvua za masika mbao zinavimba, kiangazi zinasinyaa, kila mara inataka mtu wa kuitega sauti. Huyo mtu yuko wapi hapa kwetu? Ukiipata bure bado umeuziwa ghali.

Mwalimu wa kwaya, Tabora
Hapo kwenye piano ya mbao nakubaliana na kijana mia kwa mia, na hata kwenye zile hatua saba za besi nimesalimu amri, marahaba. Ila ushauri wangu haujabadilika sana. Kile kidogo msikiuze. Mnaouza kile cha kwanza ili kuongezea pesa ndio mnaokuja kulia baadaye, kirefu hakina ridhimu na kidogo hakina uzito, ni kama jembe na panga.

Mleta mada, Mwanga Kigoma
Mrejesho kama ilivyo ada. Kuna mtu huku ana kirefu kizito, akakubali tukijaribu jana baada ya misa. Baba mkubwa naye kaja, hakualikwa, kavaa na kofia. Binti kapiga dakika kumi mikono ikaanza kuuma, kii zinamrudisha, makosa mengi kuliko anayofanya nyumbani, mama yake akaanza kuniangalia kwa wasiwasi. Kisha kafika kwenye kile kipande cha kunong'ona. Kikanong'ona. Aliacha kupiga akacheka mwenyewe, akarudia sehemu hiyohiyo mara nne hata hakuendelea na wimbo.

Baba mkubwa hajasema chochote mpaka tumefika Mwanga sokoni, ndipo kauliza, kwa hiyo kile cha nyumbani muda wote kilikuwa kinamnyima hiki? Nikamwambia ndio. Akanyamaza tena. Usiku kapiga simu katoa masharti: kipya hakivuki mlango hata kwa mazishi, kile cha zamani kikae kanisani kwa maandishi kwamba ni mali ya binti, na itafutwe ile ya kuingia betri. Mama kakubali, mwenyekiti wa kwaya kanuna lakini kapokea.

Kwa hiyo tunatafuta CDP-S100 mtumba, Dar zipo. Nani ameshasafirisha kinanda kwa treni ya Kigoma kwa behewa la mizigo, mlifunga na nini, na mlilipia kwa kilo au kwa urefu?