Kutafuta visanduku vya letaboksi kando ya Interstate 40: mnachuja vipi?

MwendoMrefu

Habari zenu wanajukwaa. Mwezi ujao mimi, mume wangu na watoto wetu wawili tutasafiri kwa gari kutoka Nashville hadi Albuquerque kwa kufuata barabara kuu ya Interstate 40, safari ya takriban kilomita 2,000 inayopita Tennessee, Arkansas, Oklahoma na kaskazini mwa Texas kabla ya kuingia New Mexico. Tungependa kutafuta visanduku vya letaboksi njiani (mchezo wa kusaka, kwa kufuata vidokezo vilivyoandikwa, visanduku vilivyofichwa vyenye muhuri na daftari; kila msakaji hubeba muhuri na daftari lake), ili watoto wanyooshe miguu na daftari letu lipate mihuri mipya. Shida ni kwamba nikifungua orodha ya jimbo lolote nakutana na visanduku vingi mno, na ramani haionyeshi ni kipi kiko hatua chache kutoka maegesho na ni kipi kitatumalizia nusu siku. Ninyi mnachuja vipi?

DiraNaWino

Ndugu MwendoMrefu, usianze na orodha ya jimbo zima. Tovuti ya letaboksi iitwayo Atlas Quest ina utafutaji unaofuata njia, ambapo unataja mtakakopita na umbali mlio tayari kuchepuka. Maili mbili au tatu zinatosha kwa kuanzia. Tovuti nyingine, Letterboxing North America, hupanga visanduku kwa jimbo, kaunti na mji, kwa hiyo huko utahitaji kwanza kuandika majina ya miji iliyo njiani. Ukishapata orodha fupi, tazama kila kisanduku kilipatikana lini mara ya mwisho. Kile ambacho hakijaguswa kwa miaka mingi nakiacha, hata kama maelezo yake yanavutia, kwa sababu ukiwa safarini huwezi kurudi kesho kutafuta tena. Halafu soma kidokezo mpaka mstari wa mwisho kabla ya kukiweka kwenye mpango, kwani mara nyingi ni huko mwishoni mwandishi anapotaja kwamba kuna mlima wa kupanda.

Jambo jingine ni namba za njia za kutokea kwenye barabara kuu. Kwenye Interstate 40 namba hizo hufuata maili, zikihesabiwa kutoka mpaka wa magharibi wa kila jimbo. Kwa kuwa mnaelekea magharibi, mtaziona zikipungua hadi mpakani, kisha zinapanda ghafla mkiingia jimbo linalofuata. Andika jina la jimbo kando ya kila namba, la sivyo mtajikuta mnatafuta namba ya Arkansas mkiwa Oklahoma. Angalieni pia maeneo ya mapumziko: mengi huhudumia magari ya upande mmoja tu, na kisanduku kilicho ng'ambo kinaweza kuwadai mwendo mrefu wa kwenda kugeuza gari.

MtembeaTaratibu

Nakubaliana na mwenzangu kuhusu namba, ila sikubaliani na kuchagua kwa ukaribu wa barabara peke yake. Mchezo huu ulianzia Dartmoor, Uingereza, mwaka 1854, pale mwongoza watalii James Perrott alipoweka chupa huko Cranmere Pool ili waliofika waache kadi zao, na kufika huko kulihitaji kutembea haswa. Kukusanya mihuri ya visanduku vya maegesho, kimoja baada ya kingine, ni kazi ya karani. Mimi ningechagua viwili kwa siku: kimoja cha haraka, na kimoja chenye matembezi ya kama saa moja, kikiwa katika mji ambao mngesimama hata hivyo kwa chakula au mafuta. Kuanzia Oklahoma City kuelekea magharibi, njia ya zamani ya Route 66 inaandamana na barabara yenu, na miji kama Elk City, Shamrock na Tucumcari ni mahali pazuri pa kuanza kutafuta. Mkivuka kutoka Texas kwenda New Mexico saa inarudi nyuma kwa saa moja, basi matembezi marefu yawekeni siku hiyo.

MwendoMrefu

Ahsanteni sana. Hilo la saa sikuwa nimelifikiria. Watoto wana umri wa miaka saba na kumi; je, kuna tahadhari yoyote mnapofika penyewe?

DiraNaWino

Wasiingize mkono kwenye shimo au chini ya gogo kabla mtu mzima hajachokoa kwa fimbo, kwa sababu ya nyoka. Upande wa Tennessee na Arkansas wafundisheni kuutambua mmea unaowasha, ule wenye majani matatu matatu. Mkikipata kisanduku, sogeeni nacho kando ndipo mgonge mihuri, ili mpita njia asijue kilipokuwa: muhuri wenu kwenye daftari la kisanduku, na muhuri wa kisanduku kwenye daftari lenu. Futeni wino kwenye muhuri wa kisanduku kabla ya kuurudisha kwenye mfuko wake, na wekeni kipande cha karatasi juu ya ukurasa wenu, maana wino mbichi huhamia ukurasa wa pili.

Mkibahatika mtakuta ndani yake kisanduku kingine kidogo kinachosafiri, chenye muhuri na daftari lake. Hicho mnaruhusiwa kukichukua na kukiacha katika kisanduku mtakachokipata mbele, mradi kinaenea na kifuniko kinafunga vizuri. Wapeni watoto kazi hiyo. Vidokezo vyote vichapisheni kwenye karatasi kabla ya kuondoka, kwa kuwa mtandao wa simu si wa kutegemea mnapoiacha barabara kuu.