Naomba ushauri: historia ya mji wa kubuni ulioasisiwa na wachawi, nianzie wapi?

Kalamu_ya_Usiku

Wakuu, salaam.

Naandika riwaya ambayo dunia yake si hii yetu. Kitovu chake ni mji uitwao Zindiko, ulioasisiwa na wachawi saba waliofukuzwa katika himaya yao. Walipanda mlima, wakazika makago, yaani dawa za kinga, pande nne, wakainua ukuta kwa usiku mmoja, na kulipokucha mji ukawepo. Hadithi yenyewe inatokea miaka 400 baadaye. Mhusika mkuu ni binti anayenakili nyaraka katika ghala la kumbukumbu za mji.

Historia nimeshaiandika kurasa kwa kurasa: nani alirithi kiti cha nani, vita ipi ilipiganwa lini, mnara upi ulijengwa na yupi. Rafiki yangu aliyeisoma akaniambia, "Kila kitu kipo, ila mji haupo." Nimemwelewa nusu tu.

Ninachouliza ni hiki. Historia ya mji wa namna hii inaanzia wapi? Wachawi wangu wana nguvu kupindukia, sasa mgogoro utatoka wapi ikiwa kila tatizo linakwisha kwa kutamka maneno mawili? Na msomaji nimpe historia yote mwanzoni, au nimdokolee? Wenye uzoefu wa kujenga dunia za kubuni, iwe kwa riwaya au kwa gemu za mezani, nitupieni madini.

Mchora_Ramani

Mkuu, mbona mlimani?

Siulizi kwa ubishi. Wachawi saba wanaweza kuishi popote wapendapo, lakini watu saba si mji. Nani aliwafuata huko juu, na alifuata nini? Miji mingi unayoijua imekaa pale ilipo kwa sababu ya kivuko cha mto, bandari yenye kina, njia panda ya misafara au kilima kinacholindika. Wewe umeuweka wako kileleni, kwa hiyo jambo la kwanza ninalotaka kujua ni maji yanapandaje.

Na hapo ndipo uchawi unapopata kazi ya maana. Tuseme mmoja wa wale saba aliifungia chemchemi ndani ya mwamba, na chemchemi hiyo lazima isemewe maneno kila mwezi unapoandama, la sivyo inakauka. Umeshapata ukoo unaoyajua maneno, koo zisizoyajua, ushuru wa maji, na siku ambayo mwenye maneno atagoma kuyasema. Mgogoro huo hapo, wala hujahitaji vita.

Orodha ya watawala iache kwanza. Chora maji, chora njia ya kuingizia nafaka, chora mahali taka zinapotupwa. Mimi huwa najua mji wa mtu umeiva pale anapoweza kuniambia kwa nini mtaa wa maskini uko upande ule na si huu.

Chizi_wa_Dragoni

Ukuta kwa usiku mmoja? Huyo fundi namba yake ninayo haja nayo.

Mpinzani_Daima

Natofautiana na Mchora_Ramani. Maji sawa, taka sawa, lakini msomaji hakeshi kwa ajili ya mtaro. Anza na ugomvi. Saba ni wengi mno kwa watu kupatana. Hekaya ya Roma ina waasisi wawili tu, tena pacha, na bado Romulus anamuua Remus kwa sababu ya ukuta, kabla mji wenyewe haujawa mji. Wewe unao saba na wote wamekufa kwa uzee? Hapana bwana.

Kuhusu nguvu kupindukia, tazama Baghdad. Khalifa al-Mansur alipotaka kuijenga mwaka 762 aliwaita wanajimu, Nawbakht na Mashallah wakiwemo, wamchagulie saa njema ya kuanza kazi. Wakapiga hesabu za nyota, wakamtajia siku ya mwisho wa Julai. Mji ukachorwa duara kamili, milango minne, kasri na msikiti katikati. Inasimuliwa kwamba khalifa alitaka kuuona kabla haujajengwa, mchoro ukatandazwa ardhini kwa mbegu za pamba zilizomwagiwa mafuta, zikawashwa moto usiku. Kama hiyo si taswira ya kufungulia riwaya ya wachawi, basi mimi sijui taswira.

Sasa angalia kilichofuata. Mwaka 812 mji huohuo ulizingirwa zaidi ya mwaka mzima, na waliokuwa wakipigana ni vitukuu vya al-Mansur mwenyewe, al-Amin na al-Ma'mun. Mwaka 836 makao ya khalifa yakahamia mji mwingine, Samarra. Leo ile duara haionekani tena juu ya ardhi. Nyota zilichagua saa, hazikuchagua warithi. Wachawi wako wape uwezo wote wa kuinua mawe, wanyime uwezo wa kuwatawala wajukuu.

Bibi_Nyaraka

Mwanangu Kalamu, mimi nimevutwa na huyo binti wa kunakili nyaraka, na naona wenzangu wamempita. Historia ya mji wako ni ile inayopita mikononi mwake. Kwa hiyo badala ya kuuliza nini kilitokea, uliza nani aliandika, aliandika lini, na alikuwa anamwandikia nani.

Nikupe mfano wa Kilwa. Historia yake ya kale imetufikia kwa matoleo mawili makuu. Katika toleo la Kiarabu, sultani wa Shirazi anaondoka kwao na wanawe sita katika majahazi saba, kila jahazi likatua mahali pake. Katika toleo la Kireno, alilolichapisha mwanahistoria João de Barros mwaka 1552, anayeondoka ni Ali peke yake na watu wake kwa majahazi mawili, kijana aliyedharauliwa na ndugu zake kwa sababu mama yake alikuwa mtumwa kutoka Uhabeshi. Huku unasoma safari ya fahari, kule unasoma mtoto aliyekimbia dharau, na mji ni uleule. Matoleo yote yanasema kisiwa kilinunuliwa kwa nguo. Kisha lile la Kiarabu linaongeza kwamba wageni walichimba mkondo ambao zamani watu waliuvuka kwa miguu maji yakipwa, bahari ikaujaza na isirudi nyuma tena, na yule aliyeuza kisiwa akabaki ng'ambo.

Wachimbaji wa mambo ya kale nao walipofukua Kilwa walikuta watu waliishi pale muda mrefu kabla ya sarafu ya kwanza yenye jina la Ali bin al-Hasan, ndiye huyo Ali wa hadithi. Kwa hiyo hao "waasisi" walikuta wenyeji. Wako hawakukuta mtu kule mlimani? Mlima mzima mtupu? Mimi siamini.

Kalamu_ya_Usiku

Asanteni sana, hapa nina kazi ya mwezi. Mchora_Ramani, chemchemi naichukua kama ilivyo, usinidai.

Bibi shikamoo, ila hapo nina wasiwasi. Mimi nataka wachawi wangu wawe wa kweli. Nikianza kuonyesha kwamba hadithi ya uasisi si kamili, msomaji ataona nimemchezea. Kaja kwa ajili ya wachawi, mimi namwambia hapakuwa na wachawi?

Bibi_Nyaraka

Marahaba. Sijasema hapakuwa na wachawi. Wagiriki wa baadaye walipoyaona mawe makubwa ya kuta za Mycenae, mji wa kale wa huko kwao, walisema ni kazi ya majitu yenye jicho moja, kwa kuwa hawakuweza kufikiri binadamu angeyainua. Wewe geuza. Wachawi waliinua ukuta kweli, usiku mmoja kweli. Lakini je, ulisimama?

Jaribu hivi. Binti anakuta daftari la malipo la mwaka wa kumi na moja tangu mji uasisiwe. Ndani yake kuna majina ya waashi, siku walizofanya kazi, na posho ya kila mmoja. Kazi iliyoandikwa ni "ukuta wa mashariki". Ukuta ambao kila mtoto wa Zindiko anafundishwa kwamba haujawahi kuguswa na mkono wa mtu.

Chizi_wa_Dragoni

Bibi umeua. Nimesisimka nikiwa kwenye basi.

Mpinzani_Daima

Nakubali, jambo ambalo si kawaida yangu. Ila usiishie kwenye daftari. Nani anapata hasara likijulikana? Kama kuna koo saba zinazojiita kizazi cha waasisi na zimesamehewa ushuru kwa sababu "babu zetu waliinua ukuta", basi daftari lile linawagusa mfukoni. Mtu hauawi kwa sababu ya historia, anauawa kwa sababu ya ushuru ambao historia inamkinga asiulipe.

Mchora_Ramani

Nami niongeze la kiufundi. Ukuta ulioinuliwa kwa maneno hauna msingi, kwa sababu aliyeuinua hakuchimba. Mvua za kwanza kubwa, udongo wa mteremko unasogea, ukuta unapasuka. Wachawi wanaweza kuusimamisha tena kila mara, ila kila mara mmoja wao lazima awepo. Wakibaki wanne, wanaanza kuchoka. Wakibaki wawili, wanaita waashi. Umeona jinsi uchawi unavyokuwa na mipaka bila kutunga kanuni yoyote ngumu? Uwezo upo, watu wanapungua.

Na wale waashi walitoka wapi? Bibi ameshajibu: ni wenyeji wa mlima. Wanaujua udongo wake.

Kalamu_ya_Usiku

Mmenivurugia riwaya kwa namna nzuri. Nimeamua hivi: ukuta uliinuliwa kweli usiku ule, ukaanza kupasuka mwaka wa tisa, na wenyeji wakaujenga upya kwa mawe, upande mmoja baada ya mwingine, huku rasmi ikisemwa kwamba wachawi "wanauimarisha". Koo saba zimesamehewa ushuru wa maji. Koo za waashi ndizo zinazolipa mkubwa zaidi.

Limebaki swali la tatu, hamjalijibu. Zile kurasa zangu za watawala na vita nizifanyeje? Zote ziingie mwanzoni kama utangulizi?

Bibi_Nyaraka

Utangulizi hapana. Kurasa zibaki kwako, wewe ndiye unayezihitaji ili usijikanganye miaka. Msomaji ajue yale tu anayoyajua binti, na kwa mpangilio ambao binti anayajua. Mwanzo awe na hadithi ya usiku mmoja kama alivyofundishwa utotoni, aya moja inatosha, tena isimuliwe vizuri ili naye aipende. Daftari lije baadaye kidogo, akiwa katika kazi ya kawaida ya kunakili, amechoka, wino unamwishia.

Vita uliyoiandika kwa kurasa nne, iache itokee kama lango lenye alama za moto ambalo watu wanapita bila kulitazama. Anayetaka kujua atauliza, na katika riwaya yako wapo watu wawili watakaomjibu tofauti.

Mpinzani_Daima

Na majina ya waashi yaandike yote, Kalamu. Usiseme "mafundi kadhaa". Binti ayasome moja moja, na la tatu au la nne liwe jina la ukoo wake.

Kalamu_ya_Usiku

La nne. Naenda kuandika.