Naomba ushauri: amplifaya ya zamani, chaneli moja inatoa DC

Wakuu, habari za jioni. Nina amplifaya ya stereo ya mzee, ya kizazi kile cha transista za bati, 2N3055 na MJ2955. Chaneli ya kushoto inapiga vizuri tu. Ya kulia, ukiunga spika, koni inachomoza mbele na kubaki hapo. Moja imeshaungua koili.

Nimechomoa spika nikapima: kushoto milivolti 15, kulia volti 28 za DC (umeme wa mkondo mmoja, usiotakiwa kufika kwenye spika), yaani umeme wote wa upande wa chanya. 2N3055 ya upande huo imeshoti kolekta na emita, yaani miguu hiyo miwili imeshikana kwa ndani.

Je, nikibadilisha hiyo peke yake inatosha, au nitoe zote mbili, 2N3055 na MJ2955, pamoja na transista ndogo zinazoziendesha? Na transista feki mnazitambuaje kabla ya kulipa? Madukani zimejaa.

Fundi mmoja kaniambia ning'oe kila kitu, nibaki na transfoma na hitisinki (bati la kupoozea), nifunge bodi mbili za TDA7294, ile chipu moja iliyo amplifaya nzima. Umeme wa volti ±28 uliopo chipu hiyo inaumudu, ila roho inaniuma. Transfoma lenyewe zito hasa, siku hizi hawatengenezi hivyo.

Aliyewahi kupita njia hii anisaidie.